Kengele ya Baba Mkwe

Tuliishi mji mmoja na baba mkwe wangu, hapa Kyela, miaka sita, na sikuwahi kuuona uso wake. Kwetu mke wa mtoto humwogopa mkwewe: hamtazami, hawakai chumba kimoja, wala hawapishani njiani. Wengine walikuwa wameanza kuilegeza mila hiyo. Sisi hatukulegeza. Mzee akija kwetu alipiga kengele ya baiskeli mara mbili pale kona, nami nikatoka kwa mlango wa nyuma, hata kama mikono ina unga.

Soko huria lilipokuja, mume wangu alinunua kompyuta kuukuu kwa ndugu zake wa Malawi, tukafungua ofisi ya kuchapa barua chumba cha mbele. Asubuhi ilikuwa yangu. Alasiri ilikuwa ya mzee, fundi simu mstaafu asiyeweza kuona kitu kimefungwa kwa skrubu akakiacha hivyo hivyo.

Siku moja akapachika kadi ya sauti ili asikilize kwaya. Kesho yake printa ikakwama katikati ya barua ya mteja. Nikazima, nikawasha, ikakwama tena. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikaandika: "Shikamoo Baba. Kadi yako inaniharibia kazi. Naomba uitoe." Nikaiacha karatasi chini ya kibodi. Mume wangu alipoiona alishika kichwa.

"Umemwandikia mkwe?"

Hakuna aliyejua kama mila ilikataza kalamu.

Jibu nililikuta palepale, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. "Marahaba, mwanangu. Kadi haina kosa, printa haina kosa. Kila moja ina namba ya kuiita kompyuta, na zote mbili zinaita kwa saba. Zisipite njia moja. Mimi na wewe tunaijua habari hiyo."

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Alikuwa amenichorea kadi, safu ya pini zake, na kifuniko cheusi cha plastiki kinachovishwa pini mbili: kitoe kwenye saba, kivishe kwenye tano. Nifanye mimi, aliandika, kwa kuwa mikono yake inatetemeka. Kifuniko chenyewe hakikuzidi punje ya mchele. Nilikishika kwa kibano cha nyusi, kikaniponyoka, nikakitafuta sakafuni kwa magoti. Kisha nikabadilisha namba ndani ya kompyuta kama alivyoelekeza. Printa ikatoa barua nzima huku kwaya ikiimba.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Hakuna mwanaume mzima aliyewahi kukaa akanichorea kitu ili nielewe. Tangu siku hiyo tukaandikiana kila wiki. "Kibodi ina unga," aliniuliza safari moja. "Unachapa au unapika?" Nikamjibu: "Vyote, Baba. Kengele yako haichagui saa." Nilimpenda, na nilitamani kumshukuru kwa mdomo wangu, hata mara moja tu.

Kisha kengele ikanyamaza. Miguu ilimvimba, akaomba arudishwe nyumbani Mwaya. Nilimfuata, nikaketi uani chini ya dirisha la chumba chake, ukuta ukiwa kati yetu. Njia nzima nilikuwa nimebeba maneno mawili tu: ndaga fijo, asante sana. Mume wangu alikuwa ndani. Akamwambia nipo nje.

Nikaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, nyembamba, ya mtu aliyechoka.

"Mwanangu, kadi ya sauti iko ngapi?"

"Tano, Baba."

"Na printa?"

"Saba."

"Hazigombani?"

"Hazigombani."

"Ndaga fijo," akasema. "Ndaga, mwanangu."

Maneno yangu alikuwa ameyasema yeye. Nikajifunika kanga nikalia, na waliokuwa uani wakadhani ni heshima. Alifariki wiki hiyo. Asante yangu nilirudi nayo Kyela.

Kompyuta ile ilikufa zamani. Mchoro wake ninao ndani ya Biblia. Na bado baiskeli yoyote ikipiga kengele mara mbili pale kona, nainuka kitini kabla sijafikiri. Zamani nilikuwa naelekea mlango wa nyuma. Siku hizi naenda kufungua wa mbele.