Sindano Nilizomtuma Swabra

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya kupunguza madhara, msimamizi alinikabidhi ndoo ya manjano yenye mfuniko. "Sista, hapa mtu haulizwi kwa nini anatumia unga. Analeta sindano kuukuu, unampa mpya." Nikaona wazimu. Mwaka haujaisha, nilikuwa naitetea kazi ile hata kwa mashemeji zangu. Sindano ikirudi kwetu, hawaishiriki watu watano wakaambukizana, wala mtoto haikanyagi kichochoroni.

Swabra wa Bondeni alikuwa ameacha kujidunga. Kila asubuhi alikuja kunywa methadoni mbele yangu, dawa ya maji inayozuia arosto, yale mateso ya kukosa unga. Mateja walimwamini, basi nikamwomba atukusanyie sindano zao.

"Na polisi, Sista?"

"Waambie ni mimi niliyekutuma."

Ujinga gani huo! Hata karatasi sikumpa. Msimamizi nilimwomba barua, akanijibu, "Tusiwachokoze polisi, watatufungia kliniki." Nami nikaendelea kumtuma.

Walimshika karibu na Marikiti, mchana kweupe, akija kwetu. Mkebe wake wa sindano ukawa kidhibiti mahakamani. Serikali ileile iliyoniajiri nipokee sindano ikamshtaki aliyeniletea! Akatiwa rumande. Nilikwenda na dawa yake hadi langoni, askari akanifukuza: "Mama, hapa hatuingizi dawa za kulevya." Na wauzaji wakubwa, wallahi, wapita Ndia Kuu wakiamkiwa kwa heshima. Siku ya kesi msimamizi alinikataza kwenda kutoa ushahidi. Nikaogopa kufutwa kazi, nikabaki dirishani nikigawa dawa.

Wiki tatu bila methadoni. Walipomwachilia, arosto ilikuwa imemmaliza, akajidunga kipimo chake cha zamani. Mwili ulikuwa umekwisha kukisahau. Alikufa siku hiyohiyo.

Vijana wauguzi huniuliza kazi ilikuwaje. Nawaambia: mkimtuma mtu, mpeni barua, na akishikwa nendeni mahakamani, mkifutwa mfutwe! Mimi nilingoja mpaka nimestaafu ndipo nikaenda Bondeni kwa mamake, Bi Rukia. Nikamwambia zile sindano zilikuwa za kliniki, na mwanawe alikuwa ameacha kitambo.

"Kumbe alikuwa ameacha?" akauliza. "Polisi waliniambia ni zake. Nami nilimkataa alipokuwa rumande, sikwenda kumwona hata siku moja."

Nikaanza kuomba radhi. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Miaka yote hii, Sista, ulikuwa wanijua napokaa."