Nilivyompeleka Bibi Harusi Kanisani kwa Rivasi

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuwasikia wengine wakiisimulia vibaya, maana kuna wanaosema sikuwa najua kuendesha gari, na kuna wanaosema eti nilikuwa nimekunywa (mimi, mzee wa kanisa!), kumbe nilikuwa mzima wa afya, leseni ninayo, akili zimetimia, na kilichoniponza ni redio.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, bidhaa za Dubai zikawa zinamwagika mpaka Dodoma, na hata mpiga chapa wa ofisi ya serikali kama mimi akathubutu kununua gari. Langu lilikuwa dogo, jeupe, la Kijapani, lililokuwa limezeeka huko kwao kabla ya kuja kuzeeka upya kwangu, na redio yake ilikuwa ndogo kama kiberiti, inashika stesheni moja, upepo ukivuma haishiki kitu (na upepo wa Dodoma mnaujua).

Sasa Yudithi, mtoto wa dada yangu Mele, akapata mchumba. Huyu Yudithi baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akasoma akikaa kwangu mjini, kwa hiyo ni mwanangu hasa, ananiita mama mdogo kwa ajili ya utaratibu tu. Mchumba aliitwa Danieli, mwalimu, kwao Ihumwa, na ndoa ingefungwa kanisani kwao kulekule, juu ya kilima. Siku ya kikao cha kupanga mambo ya harusi, shangazi yake Danieli, mama mmoja mnene mwenye sauti inayofika kabla yake, akasema, "Bibi harusi tutamletea gari sisi, gari lenye muziki. Ninyi msijisumbue."

Dada Mele alikuwa na chai mdomoni. Kabla hajaimeza nikajibu mimi: "Atakuja na gari la kwetu, shangazi, na muziki wake mtausikia tangu barabara ya lami."

Kesho yake nikaenda dukani karibu na soko nikanunua redio. Redio yenyewe ilikuwa na mahali pa kaseti, ina taa za kijani na nyekundu zinazopanda na kushuka na wimbo, na urefu wake kwenda juu ni mara mbili ya ile ya zamani. Mwenye duka akaja akaliangalia gari, akasema, "Mama, hii haiingii humo, chukua hii nyingine ndogo, inaimba vilevile." Nikamwambia, "Tundu ndilo litakaloongezwa." Nawaambieni, siku yangu iliharibikia pale, kwenye maneno hayo, mengine yote yalifuata yenyewe.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya harusi, nikaomba ruhusa kazini. Nikaegesha gari uani, gia nikaiacha huru, nikaweka jiwe kwenye tairi, nikawasha mkaa, nikapasha kisu cha jikoni mpaka kikawa chekundu, nikaanza kuikata dashibodi. Ile plastiki ilikuwa inayeyuka na kunuka nyumba nzima, lakini tundu likawa linakua kwelikweli. Mume wangu, Baba Tumaini, akaja kusimama mlangoni.

"Mama Tumaini, hiyo dashibodi imeshika vitu vingine."

"Vitu gani?"

"Sijui. Ila hawakuiweka bure."

"Nenda kapige pasi shati lako la kesho."

Akaenda. Tundu likatosha kwa upana na kwa urefu, ila kwa ndani kulikuwa na chuma kimepita kukingama, kwa hiyo redio ikaingia nusu ikagoma, nusu ikabaki nje imejitokeza kama kidevu. Mtu mwingine angeacha. Mimi nikachukua gundi ile ya tyubu mbili za kuchanganya, nikaipaka pande zote, nikakaza na skrubu nne, nyaya nikaunga nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi (zilizobaki nikazifunga fundo nikazificha), nikabonyeza. Ikaimba! Majirani wote wakatoka. Nikafunga gari nikaenda kulala nimeridhika, gundi ikauke.

Asubuhi ya Jumamosi Baba Tumaini na Dada Mele walitangulia Ihumwa na lori la wageni. Mimi nikavaa gauni langu la sare, nikawasha gari, nikatia rivasi, nikatoka uani vizuri kabisa. Nikasukuma gia ya kwanza. Ngo! Nikasukuma tena. Ngo! Nikatazama chini: fimbo ya gia inagonga kidevu cha redio.

Mnaojua kuendesha mmeshaelewa. Kwa wasiojua, ni hivi: kwenye gari lile gia ya kwanza, ya tatu na ya tano fimbo inasukumwa mbele, na mbele palikuwa na redio, ya pili, ya nne na rivasi fimbo inavutwa nyuma, na nyuma palikuwa wazi. Kwa hiyo nilibaki na nusu ya gari. Nikajaribu kuing'oa redio kwa mikono, gundi imekauka kama zege. Muda wa kutafuta fundi haupo, bibi harusi yuko saluni ananisubiri. Nikasema moyoni, hata nusu ya gari inafika.

Nikaondoka kwa gia ya pili, gari linatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Nikamchukua Yudithi, gauni jeupe limejaa kiti cha nyuma chote, pamoja na msimamizi wake, Grace. Pikapu ya tarumbeta, iliyombeba na mpiga picha za video, ikatufuata nyuma. Kwenye lami tulikwenda salama, ya pili, kisha nailazimisha ya nne, gari linalalamika linazoea, redio inaimba, taa zinacheza, Yudithi anacheka, nami nikaanza kujiona nina akili.

Tukakata kuingia Ihumwa. Pale tambarare tukapita, kisha kikaja kile kilima cha kanisa, mchanga mtupu. Gia ya pili ikapanda kidogo, ikakohoa, gari likazima. Nikawasha, likazima. Mara ya tatu klachi ikaanza kunuka, tukarudi nyuma wenyewe, redio bado inaimba kwa furaha zote.

"Mama mdogo, tushuke tutembee," akasema Yudithi.

Nikatazama lile gauni, nikatazama vumbi jekundu linavyozunguka nje. "Hushuki."

Grace akasema, "Basi apande pikapu, akae mbele na dereva."

"Na matarumbeta? Hapandi."

"Sasa tunafanyaje, mama?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba rivasi ina nguvu kama gia ya kwanza. Nikaliacha gari lirudi taratibu mpaka tambarare, nikaligeuza, mgongo ukaelekea kanisani na uso ukaelekea tulikotoka, nikatia rivasi, likapanda. Lilipanda, jamani! Tatizo ni kwamba sioni nyuma, shela na maua vimeziba kioo, kwa hiyo ilibidi Grace ashuke atembee nyuma ya gari na viatu vyake virefu akinielekeza, "Kushoto, mama! Kushoto kwako, siyo kwangu!" nami nimetoa kichwa nje ya mlango, rivasi inalia kama mbu mkubwa, na pikapu inatufuata mbele kwa mbele, dereva wake na mimi tunatazamana machoni, na yule mpiga video amesimama juu ananipiga mimi, jasho linanitoka, kilima kizima.

Katikati ya kilima Yudithi akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, naogopa. Ukae benchi la mbele nikuone."

"Nitakaa, mwanangu."

Sasa walioko kanisani walichoona ni gari la bibi harusi likiwa limewageuzia mgongo. Shangazi ndiye aliyeona wa kwanza, na ile sauti yake ikatufikia: "Wanamrudisha! Wanamrudisha mtoto mjini! Mshikeni!" Vijana wakaja mbio, wawili wakashika bampa ya nyuma, wanavuta kuzuia tusitoroke (kumbe wanatusaidia kupanda), na Danieli mwenyewe na suti yake akaja dirishani anahema.

"Yudithi, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ni gia."

"Gia?"

Mzee mmoja wa kwao akainama, akanisalimia kwa upole, "Mbukwa, mama," kisha akauliza, "Siku hizi mjini ndivyo wanavyoleta mwali?" Alikuwa anauliza kweli, hata hakutania. Nikamtafuta Baba Tumaini anitetee, nikamwona mlangoni pa kanisa ameinama anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Shangazi akasema mbele ya watu wote, "Wakitoka, watapanda gari letu."

Neno hilo liliniingia. Watu wakaingia kanisani, wimbo ukaanza, nami nikajiambia, dakika kidogo tu, naing'oa hii redio, wakitoka wanakuta gari linakwenda mbele kama magari ya watu. Nikachukua chuma cha kubandulia tairi kwenye buti, nikapiga goti kwenye kiti na gauni langu la sare, nikaanza kubandua. Gundi haikubali. Nikavua viatu, nikakanyaga mlango kwa mguu mmoja, nikavuta. Kupitia madirisha nilisikia sauti ya mchungaji, nikasema bado anahubiri. Nikavuta. Kisha pakawa kimya, kimya kirefu ambacho sikukielewa, kisha vigelegele vikalipuka kanisa zima.

Nikajua. Ndoa imefungwa na mimi niko chini ya usukani. Ningeweza kuingia hata hapo, lakini nikasema nimeshachelewa, sasa walau redio itoke, nikaendelea kuvuta kwa hasira mpaka wanatoka nje, na hapo ndipo ilipokubali: ikatoka na kipande cha dashibodi na nyaya zake zote, nami nikaanguka kinyumenyume mchangani, nimeikumbatia kama mtoto mchanga, mbele ya maharusi, mchungaji, kwaya na yule mpiga video.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kicheko hicho nilikimudu. Nilichoshindwa ni Yudithi, ambaye hakucheka. Alikuja akanishika mkono kuniinua, akasema, "Nilikutafuta, mama mdogo. Mchungaji aliponiuliza kama nakubali nikageuka sikukuona, nikashindwa kutoa sauti. Wakadhani nakataa. Danieli alianza kulia."

"Kisha ukasema?"

"Nikasema ndiyo, huku naangalia mlango."

Nilimfuta vumbi nililompaka mkononi, basi.

Danieli akauliza, "Mama mdogo, sasa linakwenda mbele?" Nikasema linakwenda. Wakapanda, na shangazi naye akajipenyeza kiti cha mbele, "nihakikishe mwenyewe," akasema. Gia ya kwanza ikaingia laini kama kisu kwenye siagi. Muziki hakuna, mbele yetu ni tundu na nyaya zinaning'inia, tumekaa kimya kama tunatoka msibani, hadi shangazi alipoanza kuimba mwenyewe, akipiga makofi, na Danieli akaitikia, na Yudithi akaitikia, na mimi nikaitikia huku machozi yananitoka, na nadhani hakuna gari la harusi lililowahi kuimba kama lile.

Tangu siku hiyo niliapa sitaongeza tundu lolote kwa ajili ya kitu chochote. Juzi hapa Tumaini alituletea televisheni, kubwa, haiingii kwenye kabati la sebuleni. Baba Tumaini akaleta misumeno miwili na fundi wa mbao, naye akasema ni kazi ndogo tu, mama, tunakata hapa pembeni. Nikainyanyua ile misumeno yote miwili, nikaiweka kwenye kochi, nikaikalia. Niliikalia mpaka televisheni iliporudishwa dukani.