Chuma Katika Damu ya Mwakio

Nilitumwa Mombasa kumleta kaka yangu Mwakio afie nyumbani. Mama hakulitamka hivyo. Alisema tu, "Wakesho, shule zimefungwa, hufundishi sasa. Kamlete nduguyo apumzike." Lakini Voi hatukuwa na mashine ya kusafisha damu, na mtu ambaye figo zake zimekufa hapumziki mbali na mashine hiyo. Mwakio mwenyewe ndiye aliyeandika: amechoka, hawezi tena kusimama ghalani Shimanzi alikokuwa karani, na mashine haitaki tena.

Saa mbili asubuhi basi letu liliondoka Voi. Ilikuwa miaka ile ya tisini, Desemba, na njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia, nikayapangua. Kufika Mariakani blauzi imenigandia mgongoni. Saa sita kasoro nikashuka Mwembe Tayari katikati ya makelele ya wachuuzi, nikaenda kwa miguu hadi Kibokoni, nikiuliza njia kila kichochoro.

Bi Rukia, mwenye nyumba aliyempangisha Mwakio, alifungua kabla sijapiga hodi ya pili. "Ngia ndani, mwanangu. Nduguyo yuko juu. Usishtuke umuonapo."

Nilishtuka. Midomo na viganja vyake vilikuwa vimepauka kabisa. Alisema neno, akavuta pumzi, kisha neno jingine.

"Umekuja kunichukua."

"Ndiyo, kaka."

"Kesho ni siku ya mashine. Nitakwenda kuwaaga."

Asubuhi ya pili tulikwenda hospitali pamoja. Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya upole, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua jalada. Majibu ya kipimo kipya yalikuwa yametoka asubuhi ile ile.

"Figo nzima huuamuru uboho ulio ndani ya mifupa utengeneze damu," alisema. "Zake zimenyamaza, ndiyo maana tunampiga sindano ya kutoa amri hiyo. Miezi mitatu sasa tunaamuru, na damu haipandi. Sasa nimejua kwa nini. Hana madini ya chuma mwilini, na damu haitengenezwi bila chuma."

"Lakini nameza vidonge," Mwakio akasema.

"Havikutosha. Kila ukiunganishwa na mashine, damu kidogo hubaki mipirani, na chuma huondoka nayo."

Nikajikuta nimesimama. "Basi mpe leo, daktari! Mpe kingi!"

Akacheka. "Pole pole, mwalimu. Chuma kikizidi nacho hudhuru ini na moyo. Nitampa kwa kipimo, kwa mshipa, kisha tutapima tena."

Siku hiyo alipewa kidogo sana, na muuguzi akakaa naye saa nzima kuangalia kama mwili utakikataa. Haukukikataa. Mimi nilimshika kaka mkono.

"Nipe mwezi mmoja tu," nilimwomba. "Mama nitamjibu mimi."

"Mwezi mmoja," akasema.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, alimaliza sahani ya wali. Wiki ya tatu, alasiri moja, nilikuwa jikoni nikikuna nazi, Bi Rukia akaniita kwa sauti kubwa.

"Wakesho! Njoo utizame!"

Nilitoka mbio na mbuzi ya kukunia nimeiacha wazi. Mwakio alikuwa amekaa barazani na majirani, akibishana juu ya mpira, sentensi ndefu kwa pumzi moja! Midomo yake ilikuwa na rangi. Nilimkumbatia mbele ya watu, nikasahau mikono yangu imejaa nazi.

Kipimo kilichofuata kilithibitisha: damu imepanda. "Figo hazijapona," daktari akatukumbusha. "Mashine utaendelea nayo, na chuma tutakipima daima." Mwakio akaitikia kwa furaha, kama mtu aliyepewa likizo.

Januari, nilirudi. Ndani ya basi nilijilaumu na kushukuru kwa pamoja. Sote tulidhani kaka amekata tamaa, kumbe mwili wake ulikuwa umepungukiwa na kitu kinachopimika. Nilikuwa nimekwenda na maneno ya kumuaga. Swali moja alilojiuliza daktari, kwa nini damu haipandi, lilikuwa na maana kuliko hayo yote.

Saa nane mchana nikashuka Voi. Mama alikuwa amesimama kituoni na blanketi. Barua zangu alikuwa amezisoma, hakuziamini. Alitazama nyuma yangu, akatazama mlango wa basi mpaka abiria wa mwisho akashuka.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kazini, mama."