Sufuria Ishirini na Saba za Harusi ya Tata

Hadi leo nikinusa rangi ya kucha sikumbuki urembo. Nakumbuka sufuria. Msinicheke. Juzi nilikuwa saluni hapa Kiamunyi, msichana akafungua kichupa chekundu, na ile harufu kali ikanirudisha Elburgon, nina miaka kumi, nimechuchumaa kwenye nyasi zenye umande, nachora herufi kwenye makalio ya sufuria za watu.

Tata Wairimu, mdogo wake mama, alikuwa anaolewa, na harusi ilikuwa ifanyike kwetu. Siku hizi watu huita kampuni ya upishi ikaja na kila kitu ndani ya lori, hata vijiti vya kuchokoa meno. Wakati ule harusi ilipikwa na majirani, kwa vyombo vya majirani. Kamati iligawana kazi: huyu hema, yule keki, mwingine maua. Mama akapewa vyombo. Aliitikia kwa kichwa mbele ya watu, lakini nilimwona akisokota pembe ya leso yake mpaka ikawa kamba.

Sababu ilijulikana mtaa mzima. Miaka mitatu nyuma, kwenye mazishi ya babu, vyombo tulivyoazima vilirudi ovyo ovyo. Mwiko wa huyu ulienda kwa yule, na sufuria kubwa ya Mama Chebet, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, haikurudi kabisa. Alikuwa amepewa na mama yake alipoolewa. Mama alimnunulia nyingine mpya kutoka Nakuru. Mama Chebet aliipokea, akasema asante, na tangu siku hiyo salamu zake zilibaki huko huko ng'ambo. Nyumba nyingine nazo zilianza visingizio: leo sufuria ina maharagwe, kesho inavuja. Vyombo vikipotea mara ya pili, jina la mama lingekwisha, na hakuna mlango ambao ungetufungukia tena.

Kwa hivyo mama alijipanga. Alinunua daftari, akachora mistari kwa rula yangu ya shule, akaandika jina la kila nyumba na nafasi ya idadi ya vyombo. Kisha akaniita.

"Njoki, wewe ndio utaenda kuazima," akasema. "Ukipewa, paka herufi ya mwenyewe hapo chini. Usiniletee kitu hakina alama."

Akanikabidhi kichupa cha rangi ya kucha cha Tata, ambaye alilalamika mpaka akachoka.

Kichwa kilinivimba. Kwa siku nne, baada ya shule, nilizunguka nyumba kwa nyumba huku ukungu wa msitu wa Mau ukishuka, na kila mahali nilipewa sufuria pamoja na hadithi yake. Akina mama wale hawakuweza kuachilia chombo bila kukisemea. Mama Kuria alinionyesha sikio la sufuria yake lililofungwa kwa waya, akanieleza jinsi mzee wake alivyolikata akijaribu kulifungia ndama. Ya Mama Njeri ilikuwa na bonde ubavuni. "Niliirushia mbwa," akasema, halafu akacheka peke yake. "Mbwa wa miguu miwili." Sikuelewa, lakini neno lile lilinipendeza nikalibeba hadi nyumbani.

Mama Chebet nilimwacha wa mwisho. Aliingia ndani, akakaa sana, akatoka na sufuria inayong'aa ambayo bado ilikuwa na gundi ya karatasi ya dukani. Ilikuwa ile ile aliyonunuliwa na mama.

"Ambia mama yako hii sijawahi kupikia," akasema.

Ujumbe huo niliufikisha neno kwa neno, nikidhani anaisifu sufuria. Mama aliipangusa kwa leso ingawa haikuwa na vumbi.

Harusi yenyewe ilifana, sitawachosha. Watu walikula wakabakiza, na Tata alicheza hadi kisigino cha kiatu kikatoka. Shida ilikuja Jumapili baada ya kanisa, tulipomaliza kuosha. Mnawajua wapishi wetu: sufuria haiendi juu ya moto wa mabanzi kabla haijapakwa matope chini na pembeni, ili masizi yatoke kwa urahisi. Sisi tuliopaka alama huko chini, mimi na mama yangu mwenye daftari, hilo halikutujia kabisa. Masizi yalitoka kweli, kwa mchanga na majivu, na herufi zangu zote zikatoka nayo. Sufuria ishirini na saba zililala kifudifudi kwenye nyasi, safi, hazina wenyewe. Daftari lilisema ni ishirini na saba. Halikusema ipi ni ya nani.

Na wenyewe walikuwa wameshaanza kuingia getini. Mama aliketi juu ya jerikeni, daftari likiwa limefungwa mapajani, akatazama chini. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu hivyo, na niliogopa sana.

Nikainua sufuria iliyokuwa karibu na mguu wangu. Ilikuwa na waya.

"Hii ni ya Mama Kuria," nikasema. "Mzee wake alifunga ndama nayo."

Mtu akacheka. Mama Kuria akaja akaichukua. Nikainua nyingine.

"Na hii ni ya Mama Njeri. Aliirushia mbwa wa miguu miwili."

Baba Njeri alikuwa amesimama pale pale. Wanawake walishikana mabega kwa kicheko, na yeye ghafla akapata kazi ya kukagua ua wetu wa miti. Basi nikaendelea. Iliyotobolewa na mtoto kwa msumari ikazibwa. Iliyoanguka kutoka kwenye mkokoteni. Iliyopikiwa uji wa watoto wanane. Mama alisimama, akafungua daftari, akaanza kuita majina na kuweka alama ya vema, sauti ikipanda kila jina. Ishirini na sita zilitoka getini na wenyewe, hakuna aliyerudisha yake kusema si hii. Siku hiyo nilitembea kama rais.

Ikabaki ya Mama Chebet, ambaye hakuja. Nilinyoosha mkono niichukue, mama akanizuia.

"Hii naipeleka mimi."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alinituma kuazima kwa sababu nilikuwa mwerevu. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipoelewa: aliogopa kusimama kwenye milango ile, na alijua hakuna mtu wa kumfukuza mtoto. Siku zile nne mama yangu alijificha nyuma yangu, na mimi nikadhani nimepandishwa cheo. Simlaumu hata kidogo. Nampenda zaidi kwa hilo.

Lakini Jumapili ile alivuka barabara kwa miguu yake, sufuria kiunoni, mimi nikikimbia nyuma. Alipiga hodi ya kusikika hadi kwenye kiwanda cha mbao. Mama Chebet alitoka, akaigeuza ile sufuria, akapitisha kidole kwenye weusi kidogo uliokataa kutoka chini ya sikio na kwenye kibonyeo kipya alichokiacha mpishi fulani. Mama alifungua mdomo aombe msamaha.

"Sasa hii imekuwa sufuria," Mama Chebet akasema. "Mama Njoki, ingia nikupikie chai."

Akaipika humo humo. Na kesho yake asubuhi, kabla sijaenda shule, nilimwona akivuka barabara kuja kwetu kuazima ungo.