Nyusi za Shangazi Lavinia

Shangazi yetu Lavinia husafisha vyoo vya shule hapa Sydney, na kwa mdomo wake hakuna mwalimu mkuu anayemuweza. Kwaya nzima ya Watonga wenzetu, sisi tuliotoka visiwa vya Tonga, inamjua. Lakini siku tuliyohitaji neno moja tu kutoka kwake, alitunyima. Nilitamani kumtikisa.

Kaka yangu Semisi alianguka kazini, kwenye ghorofa walilokuwa wakijenga. Siku ya tatu daktari wake, Bronwyn, akatuambia ubongo umekufa. Kifua kilipanda na kushuka kwa nguvu ya mashine tu. Semisi alikuwa amejiandikisha kutoa viungo vyake. Je, familia inakubali? Tusichelewe, maana mwili nao ungeanza kuharibika.

Daktari alimuuliza Losaline, mke wa Semisi. Losaline akamtazama Shangazi. Kwetu dada wa baba ndiye mkubwa. Mke hasemi kabla yake. Shangazi akainua nyusi.

Daktari akasubiri weee, kisha akatoka. Akarudi, akauliza tena. Nyusi juu. Mara ya tatu nikamsikia mlangoni akimwambia muuguzi, "Hawataki. Nitaandika wamekataa."

Nikaruka. "Nani kakataa? Mama huyu kakujibu mara tatu! Kwetu kuinua nyusi ni ndiyo!"

"Mimi nilidhani anashangaa," akasema, uso ukimwiva kwa aibu. "Samahanini sana. Lakini jambo hili lazima nilisikie kwa mdomo."

"Haya, Shangazi, sema basi."

Nyusi juu.

"Shangazi! Kuku tu akiungua jikoni unatangaza mtaa mzima! Leo ndiyo moja imekukwama wapi?"

"Nyamaza wewe, pua kama kiazi. Nishajibu."

"Kwa nyusi! Hawa hawasomi nyusi! Kuna watu wanangoja hizo figo!"

"Kwa hiyo unataka nimuue kwa mdomo?"

"Ameshakufa, Shangazi."

"Kwako. Jina lake nilimpa mimi, kwa mdomo huu huu, hajamaliza hata siku moja duniani."

Losaline akamshika mkono. Shangazi akamgeukia daktari, akafungua mdomo, pasitoke kitu. Akajaribu tena.

"Ndiyo," akasema.

Hapo ndipo alipoanza kumlilia Semisi. Siku zote tatu hakuwa ametoa chozi.