Barafu Ndani ya Blanketi

Barafu ya kwanza kuishika maishani mwangu ilinuka utumbo wa mbuzi, kwa sababu mtaani kwetu Karatu friji ilikuwa moja tu, ya buchani. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu Safari, aliyetufundisha sayansi, alisema kila mmoja achukue kipande Jumamosi asubuhi, akitunze kwa akili yake, na atakayekifikisha shuleni saa nane bado kigumu ndiye atakayefanya jaribio siku ya wazazi. Niliitaka nafasi ile kuliko nguo ya Krismasi. Mama alikuwa Mang'ola kwenye vitunguu, na nilitaka akirudi anikute nimesimama mbele ya watu. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba blanketi halina moto wake, linazuia tu joto lisipite. Basi nikakiviringisha kipande changu ndani ya blanketi zito la baba, nikakisukuma uvunguni, nikaenda kuchota maji.

Niliporudi, shangazi Paulina, dada yake baba aliyekuja kutuangalia, alikuwa ameketi jikoni amejifunika blanketi lile lile. Sahani ilikuwa dirishani, na ndani yake maji na unyoya mmoja wa mbuzi.

“Wewe mtoto una wazimu? Nani anaifunika barafu blanketi? Si itapata joto! Nimeiweka hapo ipigwe upepo.”

Nililia, nikaeleza, nikalia tena. “Shangazi, blanketi halina moto!”

Akanitazama kwa huruma kabisa, meno yakimgongana kwa baridi, akalivuta mpaka shingoni. “Halina moto? Sasa mimi najifunika la nini?”

Jamani! Siku ya wazazi alisimama mtoto wa jirani, aliyefukia barafu yake kwenye maranda ya fundi seremala, na mama yangu akampigia makofi kwa nguvu zote. Shangazi sikumsamehe miaka mingi.

Leo nina friji yangu, barafu imejaa mpaka inakera, na binti yangu Neema yuko darasa la tano. Wiki iliyopita nilikuta sweta langu la kanisani limekunjwa ndani ya beseni, linalowa. Nikalikung'uta kwa hasira, kitu kigumu kikadondoka sakafuni, nikalianika. Neema akaingia, akatazama sakafuni, machozi yakamlengalenga.

“Mama, ile ilikuwa ya shule.”

Nyani haoni kundule. Nilifungua kinywa nimwombe radhi, lakini humo kinywani akatoka shangazi Paulina: “Kwani nani anaifunika barafu sweta?”