Kichwa cha kulungu ambacho hakikupimwa

Naomba mfiche jina langu vizuri, kwa sababu hata mama yangu anasoma ukurasa huu akiwa saluni. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko gredi ya kumi, naishi Troyeville, Johannesburg, pamoja na mama na bibi. Tulitoka Kongo, upande wa Uvira, nikiwa mdogo. Mimi si mtu wa kuongea. Hata darasani nikiulizwa jambo ninalolijua, naangalia chini mpaka mwalimu anamgeukia mwingine. Ndiyo maana nimeona bora niandike.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alipelekwa Amerika pamoja na wakimbizi wengine. Anaishi kwenye jimbo la baridi kali ambako watu wanawinda kulungu, na yeye amejifunza. Kwetu, mwanamume akiua mnyama wa porini, kichwa ni cha mama yake, na mama huyo ndiye anayeamua nani aonje. Tangu tukimbie, bibi hajawahi kupewa kichwa na mtoto wake. Safari hii mjomba alikikausha kwa moshi, akakikata vipande, akampa mama mmoja wa kanisa letu aliyekwenda huko kumwona binti yake. Kimefika ndani ya sanduku la nguo, kimeviringishwa kwenye fulana za watoto. Bibi alikinusa, akalia.

Siku hiyo tulimpigia mjomba simu ya video, tumebanana wote watatu mbele ya kioo kidogo.

"Mama, huyu nyama amekuletea Mungu mwenyewe," alimwambia bibi. "Hakukimbia hata! Nilimukuta amesimama kando ya kijito, amekonda, kichwa chini, mate yanamutoka. Nilimukaribia kama mutu anaenda kusalimia jirani."

Mama akacheka. "Alizania uko ndugu yake, vile baridi ya huko imekukondesha!"

Mimi sikucheka. Miaka ya nyuma mjomba mwenyewe ndiye aliyetueleza kwamba wawindaji huacha vichwa kwenye sanduku la serikali kando ya barabara, ubongo ukapimwe kama una ugonjwa unaoua kulungu, na hawali ile nyama mpaka wapigiwe simu. Nikajikaza, nikauliza, "Mjomba, hiki hawakukipima?"

"Eh, mwanangu! Serikali imekata pesa ya kupima. Sanduku wameliondoa, na ule dada aliyekuwa anatupigia simu wamemuachisha kazi. Ndiyo sababu leo bibi yako anapata kichwa chake. Miaka yote walikuwa wanamunyang'anya!"

Bibi akapiga makofi. Mama akanigeukia. "Unaona? Ugonjwa umeisha. Wazungu wa Amerika wanaweza kuacha kupima kama bado uko?"

Huko tulikotoka hakuna serikali iliyowahi kutupima kitu. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna anayeweza kuamini kwamba Amerika nayo inaweza kuacha kazi katikati. Kwao, kuondolewa kwa lile sanduku ni habari njema.

Nilikwenda maktaba. Nilisoma kwamba kulungu mwenye ugonjwa huo hukonda, hudondosha mate, huinamisha kichwa, na husahau kuogopa watu. Si mdudu wala kirusi. Ni protini ya mwilini iliyokunjika vibaya, nayo huzikunja nyingine vilevile, hasa kwenye ubongo, polepole, mnyama akionekana mzima kwa muda mrefu. Moshi hauimalizi. Kuchemsha hakuimalizi. Nilisoma pia kwamba mpaka sasa hakuna mtu aliyejulikana kuugua kwa kula nyama hiyo, lakini wataalamu wanasema mnyama mgonjwa asiliwe. Hapo ndipo ninapokwama. Labda nawatisha watu bure. Lakini kama wameacha kupima, atajulikanaje mtu wa kwanza kuugua?

Nilimfuata mama saluni, nikamwambia polepole kwamba yule kulungu alikuwa mgonjwa. Hakuacha kusuka. "Weye, vitabu vitakuharibu kichwa. Tumekula nyama ya pori tangu tuzaliwe, nani alikufa?" Mteja wake akasema, "Muache, huyu atakuwa dokta wetu, eish!" Wakacheka. Baadaye mama alinivuta nje. "Usimwambie bibi. Na usimwambie mwalimu yeyote. Wakijua nyama ilipita uwanja wa ndege, unajua watamfanya nini yule mama aliyeibeba, na makaratasi yake ya kukaa hapa?"

Nimefikiria kukitupa. Lakini bibi ametundika vipande vyake juu ya jiko, na kila asubuhi anavigusa kabla ya kuweka chai. Kutupa kichwa ambacho mtoto amemletea mama yake ni kama kutangaza kwamba mtoto huyo amekufa. Siwezi kumfanyia hivyo.

Jumapili hii baada ya ibada watakuja watu wa kanisa kukionja, na watoto wao. Jana bibi aliniita jikoni, akanishika shavu.

"Wa kwanza kula ni weye," alisema. "Nimekuwekea ulimi. Kwetu mutoto mwenye kunyamaza anapewa ulimi mbele ya watu, apate kufunguka. Mama yako naye nilimupa, uone vile anasema sasa!" Akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu tufike nchi hii. Nikasema, "Asante, bibi."

Nikikataa, nimemkataa yeye na mjomba mbele ya kanisa zima. Nikila, wageni wote watakula baada yangu, na mimi peke yangu nitakuwa nimejua. Na sijui mahali popote ninapoweza kukipeleka kile kichwa leo, mtu akipime na kuniambia kwamba nimekosea.

Ninyi wazazi na dada zangu mnaosoma hapa, nisaidieni kabla ya Jumapili. Nikimwambia bibi, nianze na neno gani?